Bunge la Mbali na Milima ya Masisi na Walikale



Tulipokuwa vikari katika parokia moja ya milima ya Masisi, mzee mmoja alikuja ofisini asubuhi, baada ya Misa, akaomba tumfungulie kitabu cha batizo. Tulifikiri anatafuta cheti kwa ajili ya ndoa ya mjukuu. Hapana. Alitaka mwaka wa ubatizo wa marehemu baba yake. «Padri, uniandikie mwaka tu. Mwaka unatosha.» Tulitafuta kwa muda mrefu, maana wino ulikuwa umefifia, na majina ya Kikristo ya siku zile yanafanana. Mwishoni tukampata: 1948. Mzee akavua kofia, akaomba tusome mara ya pili, kisha akaikunja karatasi yetu mara ine na kuiweka ndani ya soksi.

Sababu tuliisikia baadaye. Alikuwa na neno la shamba na jirani yake, na jirani alimwambia mbele ya wazee kwamba ukoo wake uliingia «nyuma ya hamsini», kwa hiyo hana haki ya kusema. Juma lilelile jirani naye akaja. Yeye aliomba tumtafutie babu yake katika kitabu kilekile, apate kuonyesha kwamba wao walikuwa pale kabla ya wote. Tukampa vilevile. Hatukujua la kufanya zaidi.

Tangu siku ile tumejiuliza: nani aliutia mwaka wa hamsini katika kinywa cha wakulima wale? Si mwami, si katekista, si Mzungu wa shamba la kahawa. Ni Bunge, parlema kama watu wasemavyo, lililokaa Kinshasa, mbali zaidi ya kilometa 1 500. Sheria yenyewe ilitoka mwaka 1972, na mwaka 1981 ikafutwa. Lakini mlimani ingali ikitembea, kama noti ya zamani ambayo benki imekwisha kuikataa na soko bado linaipokea. Ndiyo maana tunataka kueleza historia ya Bunge letu katika miaka ya vita, namna ilivyoonekana kutoka Masisi na Walikale. Vitabu vingi huieleza kutoka Léopoldville.

Teritware hizi mbili ni majirani, lakini hazifanani. Masisi ni ndogo, karibu kilometa za mraba 4 700: milima, baridi, malisho, udongo mzuri, na watu wengi mno. Walikale ni pori, zaidi ya kilometa za mraba 23 000, mito na mvua, na vijiji vilivyo mbali mbali. Masisi ni inchi ya Wahunde tangu zamani. Walikale ni ya Wanyanga, Wakano, Wakumu na wengine. Wasemaji wa Kinyarwanda walikuwako Kivu kabla ya Wazungu, zaidi upande wa Rutshuru. Masisi wengi waliletwa.

Tuseme «waliletwa», maana hawakuja wote kwa miguu yao wenyewe. Mwaka 1937 serkali ya Wabelgiji ilianzisha kazi iliyoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, kwa kifupi M.I.B. Ruanda ilikuwa na watu wengi na njaa, na Kivu ilikuwa na mashamba makubwa ya Wazungu yenye kukosa wafanyakazi. Mwami Kalinda wa Wahunde aliombwa kutoa sehemu ya Gishari. Wazee wa Wahunde husema kwamba hakuwa na njia ya kukataa, na sisi tunawasadiki, maana mkoloni hakuwa na desturi ya kuomba mara mbili. Hata kufikia mwaka 1955 watu karibu 85 000 walikuwa wamehamishwa. Kwanza walipewa sheferi yao wenyewe, ya Gishari. Mwaka 1957 serkali ileile ikaifuta, ikawarudisha chini ya utawala wa Wahunde. Hivyo mkoloni alimpa mmoja udongo wa mwingine, akampa na utawala, akauondoa, na miaka mitatu baadaye akaenda zake kwao. Wote wawili walibaki wakitazamana: mmoja akisema ameibiwa, mwingine akisema amedanganywa. Wote wawili walisema kweli.

Ukaja mwaka 1960. Sheria ya uchaguzi ya tarehe 23 mwezi wa tatu iliruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka kumi wapige kura pamoja na Wakongomani. Ndugu, fanyeni hesabu: 1960 kutoa kumi ni 1950. Kwa maoni yetu ndipo mbegu ya mwaka ule ilipopandwa, na aliyeipanda ni Mbelgiji katika mwezi wake wa mwisho lakini tatu.

Bunge la kwanza lilikuwa na vyumba viwili: madepite 137, na masenateri 84, kumi na wane kwa kila provinsi, ambao watatu angalau walitakiwa kuwa wakubwa wa kienyeji. Katika Kivu chama cha Cerea, cha Anicet Kashamura, kilipata viti 10 katika chumba cha madepite. Jean Miruho wa chama hicho akawa rais wa provinsi kule Bukavu, na Kashamura akawa ministri wa habari wa Lumumba. Serkali ya Lumumba ilipita kwa kura 74 juu ya 137. Kidogo sana. Wiki moja baadaye tukapata uhuru.

Yaliyofuata yanajulikana, tutayapita upesi. Tarehe 5 mwezi wa tisa 1960 Rais Kasa-Vubu akamtoa Lumumba, Lumumba naye akamtoa Kasa-Vubu. Bunge likakutana na kufuta maneno ya wote wawili. Wafratri wakumbuke kwamba Kasa-Vubu alikuwa mwenzao, alisoma filozofia katika Seminari Kubwa ya Kabwe. Kumbe filozofia peke yake haimponyi mtu. Tarehe 14 Kanali Mobutu akafunga mlango wa Bunge. Toka hapo kila upande ukajitafutia mji: Gizenga Stanleyville, Tshombe Elisabethville, Kalonji Bakwanga. Mwisho wa mwaka ule askari wa Stanleyville wakamkamata Miruho Bukavu, na Kashamura akaja kutawala Kivu kwa wiki chache. Watu wa Masisi waliamka siku moja wakiwa chini ya Léopoldville, siku nyingine chini ya Stanleyville, bila kuulizwa na mtu.

Lakini juu ya Lovanium tusipite upesi, maana ni ukurasa mzuri na unatuhusu. Mwezi wa saba 1961, wakati inchi ilikuwa vipande vine na Lumumba alikuwa ameuawa tangu tarehe 17 mwezi wa kwanza, madepite na masenateri zaidi ya 200 walikubali kufungiwa katika Chuo Kikuu cha Wakatoliki, juu ya kilima cha Kimwenza, ambapo Monsinyori Luc Gillon alikuwa rekta. Wanafunzi walikuwa likizoni. Askari wa Umoja wa Mataifa walikizunguka kilima. Hakuna kuingiza silaha, hakuna kuingiza feza, hakuna kupokea wageni, hakuna kutoka. Wabunge walilala katika vyumba vya wanafunzi na kula katika chumba chao cha chakula. Ilikuwa sawasawa na makardinali wanapochagua Papa, ndiyo maana watu waliita mkutano ule conclave. Tarehe 2 mwezi wa nane serkali ya Cyrille Adoula ilipata kura karibu zote. Hatusemi kwamba rushwa haikupita chini ya waya. Watu walisema ilipita. Hata hivyo watu waliokuwa wakitafutana kwa bunduki walikaa meza moja mpaka wakapata jina moja. Wangapi kati yetu wamekwisha kuwaeleza wakristu jambo hili?

Kwa bahati mbaya Bunge lile lililotoka Lovanium lilifanya pia kazi nyingine. Mwaka 1962 liligawanya provinsi sita za zamani, zikapata kuwa karibu ishirini. Kivu ikakatwa, na Nord-Kivu ikazaliwa, ikiwa na Beni, Lubero, Masisi na Walikale. Goma na Rutshuru ziligombaniwa. Benezeth Moley akawa rais wa provinsi mpya. Léopoldville walifikiri wanapatanisha watu kwa kumpa kila mmoja nyumba yake. Lakini provinsi mpya maana yake ni vyeo vipya: maministri, wakubwa wa teritware, polisi, mahakimu. Katika Masisi Wanyarwanda walikuwa wengi kwa hesabu, na vyeo vilishikwa na Wahunde na Wanande. Wahunde nao waliogopa: kama vyeo vikienda kwa wingi wa kura, udongo wa mababu utakwenda kwa njia ileile. Woga huo haukuwa ujinga. Wala malalamiko ya wengine hayakuwa ya uongo.

Katika 1963 moto ukawaka. Watu waliuita Kanyarwanda, na vita vile viliendelea mpaka 1965. Nyumba zilichomwa, ngombe walikatwa miguu, polisi walipiga watu badala ya kuwalinda, watu waliuawa pande zote.

Sasa angalieni tarehe. Tarehe 29 mwezi wa tisa 1963 Rais Kasa-Vubu alifunga Bunge, kwa sababu wabunge walikuwa wakibishana na serkali bila mwisho na hawakuwa wameandika katiba waliyoagizwa. Siku chache tu baadaye wabunge wengine wakavuka mto, wakaanzisha Brazzaville lile baraza la ukombozi lililowasha uasi wa mwaka 1964. Mtu aliyenyimwa kiti alichukua bunduki. Na depite wa Kivu aliyetaka kusema mbele ya taifa kwamba Masisi inaungua, angesema wapi? Hapakuwa na meza. Kwa mwaka na zaidi, wakati vita vya Kanyarwanda vilikuwa vikali, hapakuwa na Bunge lililokaa Kongo.

Lakini kalamu haikulala. Kati ya mwezi wa kwanza na wa ine 1964 tume moja, mwenye kiti Joseph Ileo, ilikaa Luluabourg kuandika katiba. Kura ya wananchi ikapigwa, na tarehe 1 mwezi wa nane katiba ikatangazwa, siku ine kabla Stanleyville haijaanguka mikononi mwa Wasimba. Katika kifungu cha 6 iliandikwa kwamba Mkongomani ni mtu mwenye mzazi wa kale aliyekuwa wa kabila, ao wa sehemu ya kabila, lililokaa Kongo kabla ya tarehe 18 mwezi wa kumi 1908. Tarehe hiyo ni ya sheria ya Wabelgiji ya kupokea Kongo mikononi mwa mfalme Leopold. Mtu wa Rutshuru aliweza kupita katika mlango huo. Mtu aliyeletwa Gishari na M.I.B. mwaka 1937 hakuweza. Wakati walipokuwa wakichomeana nyumba, karatasi kubwa ya inchi ilimwambia mmoja wao kwamba si mwenyeji. Yeye na mwenzake walijua kusoma karatasi hiyo, kila mmoja kwa namna yake.

Mwaka 1965, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, Mobutu alitwaa inchi. Kanyarwanda ilizimwa na askari, haikuzimwa na maneno. Toka hapo Bunge likawa nyumba ya kupiga makofi. Chama kilikuwa kimoja, na sauti ilikuwa moja. Mtu angedhani kwamba jambo la uraia lingenyamaza. Lakini tazameni ginsi lilivyogeuzwa.

Tarehe 26 mwezi wa tatu 1971 Mobutu aliweka sahihi juu ya amri iliyowapa uraia wote pamoja watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwako Kongo tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Tarehe 5 mwezi wa kwanza 1972 sheria mpya ikarudisha mwaka nyuma: mwenye kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 mwezi wa kwanza 1950 na kuendelea kukaa, ndiye raia. Huo ndio «hamsini» wa mzee wetu. Watu walimtaja sana Barthélemy Bisengimana, mkuu wa ofisi ya Rais tangu 1969, kwamba ndiye aliyesukuma jambo. Mwaka 1977 Bisengimana alipoteza kazi. Tarehe 29 mwezi wa sita 1981 Bunge lilelile la chama kimoja likafuta sheria ya 1972 na kuandika tarehe nyingine: 1 mwezi wa nane 1885. Mwaka uliofuata vyeti vilivyotolewa kwa sheria ya zamani vikafutwa samani.

Ngoja tusimame kidogo juu ya 1885, maana hapa tunaona akili ya watu wanaoandika bila kutazama inchi. Tarehe 1 mwezi wa nane 1885 hapakuwa na Mzungu hata mmoja aliyekwisha kufika Masisi. Ziwa Kivu lenyewe halikuwa katika karata zao; Mdachi von Götzen alilifikia mwaka 1894. Mpaka wa Kivu kati ya Wabelgiji, Wadachi na Waingereza ulipatanwa Bruxelles mwaka 1910. Basi sheria iliuliza mkulima wa Masisi ao Walikale: ukoo wako ulikuwa ndani ya Kongo mwaka 1885? Na Kongo yenyewe mwaka 1885 haikujua kama ina mlima uitwao Masisi. Hakimu gani angeweza kujibu? Hakuna kitabu cha batizo cha mwaka ule, hakuna kitabu cha kodi. Mwenye kujibu ni jirani tu. Na jirani ndiye mnayegombana naye shamba.

Mwaka 1991 serkali ilituma watu kuandika nani raia na nani mgeni. Katika Masisi kazi ile iliharibika kwa fujo.

Mwaka uleule, tarehe 7 mwezi wa nane, ukafunguliwa Mkutano Mkuu wa Taifa, wenye wajumbe zaidi ya 2 800, na baadaye wakamchagua Monsinyori Laurent Monsengwo Pasinya, Askofu Mkuu wa Kisangani, kuwa mwenye kiti. Wakristu walitumaini sana. Serkali ilipousimamisha, waliandamana Kinshasa tarehe 16 mwezi wa pili 1992 na rozari mikononi, na wengine walipigwa risasi. Mkutano ulifunguliwa tena, ukaisha mwezi wa kumi na mbili, ukaacha Baraza Kuu la Jamhuri kuwa Bunge la muda. Tunasifu kazi ile. Lakini tuseme pia kwamba wajumbe wengine wa Wanyarwanda wa Kivu walikataliwa kuingia, na neno lao likabaki nje ya mlango.

Mobutu hakukubali Baraza lile. Mwezi wa pili 1993 askari wake waliwafungia wajumbe ndani ya jumba lao siku karibu tatu. Mwezi wa tatu akamtaja Faustin Birindwa kuwa mkubwa wa maministri, akaliamsha Bunge la zamani la chama kimoja. Inchi ikawa na serkali mbili na Mabunge mawili katika mji mmoja.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Katika seminari tulisoma historia ya Uingereza kwa ajili ya wafia dini wake, na hapo tulikutana na Wales, ambayo Wafaransa huiita Pays de Galles: inchi ndogo ya milima, yenye luga yake, mbali na mji mkuu. Tangu sheria za 1536 na 1543 Wales ilipeleka wabunge wake Westminster. Mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walianza kupigana. Mwezi wa kwanza 1644 mfalme akaita Bunge lake mwenyewe Oxford. Wabunge wengi wa Wales walimfuata kule, wachache walibaki Westminster. Mmoja wa wachache hao, Sir Thomas Myddelton wa Denbighshire, aliongoza askari wa Bunge katika Wales ya kaskazini, hata akaizunguka kwa vita ngome yake mwenyewe ya Chirk, iliyokuwa mikononi mwa watu wa mfalme. Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 1648 askari wa upande wake, wakiongozwa na Kanali Pride, walisimama mlangoni pa Bunge na kuwazuia wabunge waliotaka kupatana na mfalme. Myddelton alikuwa kati ya waliofungiwa nje. Ndani alibaki John Jones wa Maesygarnedd, mbunge mwingine wa Wales. Mwezi uliofuata aliweka sahihi juu ya kifo cha mfalme, na mwaka 1660 yeye mwenyewe akauawa kwa ajili ya sahihi ile. Hakuna aliyeshinda kwa Wales. Vita vilipigwa katika mashamba yao kwa ajili ya neno la London.

Turudi kwetu. Tarehe 20 mwezi wa tatu 1993, katika siku zilezile za Mabunge mawili, watu wenye mikuki, mapanga na bunduki walishambulia soko la Ntoto, katika teritware ya Walikale. Waliouawa walikuwa Wanyarwanda, wengi wao Wahutu. Waliowaua walikuwa vijana wa Wanyanga na Wahunde. Chuki ilikuwa imepikwa kwa muda mrefu: chama cha MAGRIVI kilikuwa kimewafundisha Wahutu wasiwatii wakubwa wa kienyeji, na wakubwa wa provinsi walikuwa wamesema hadharani maneno ya kuwasha moto. Kutoka Ntoto vita vilipanda mpaka Masisi, na huko Wahunde pia waliuawa kwa wingi na kufukuzwa. Watu waliokufa ni elfu na elfu, waliohama ni zaidi ya 200 000. Mobutu alikuja Goma mwezi wa saba, akatuma askari. Monsinyori Faustin Ngabu wa Goma na watu wengine wenye moyo waliketisha wazee wa makabila pamoja, na mwanzoni mwa 1994 amani kidogo ilirudi. Mwezi wa saba wakimbizi wa Rwanda wakaingia Goma kwa mamia ya elfu, na wenye silaha kati yao, na kazi ile yote ikamezwa.

Tumefika sasa mahali pazito. Mwaka 1994 Mabunge mawili yaliunganishwa kuwa moja, na mwenye kiti alikuwa tena Askofu Mkuu Monsengwo. Bunge hilo likatuma tume iliyoitwa kwa jina la Vangu ichunguze Kivu. Tarehe 28 mwezi wa ine 1995 lilikata neno: watu wa asili ya Rwanda na Burundi ni wageni na wakimbizi, warudishwe kwao bila sharti. Halikumtenga aliyekuja jana na bunduki na yule ambaye baba yake alibatizwa Masisi mwaka 1948. Hatuandiki hivi kumhukumu mtu. Monsinyori Monsengwo alikuwa amewekwa kati ya simba wawili, na tarehe 1 mwezi wa saba mwaka uleule wabunge wakamtoa kitini. Lakini vijana wa seminari wameuliza mara nyingi kama padri ao askofu akae katika kiti cha Bunge wakati wa vita, na sisi tunawaambia wasome kwanza karatasi ya tarehe 28 mwezi wa ine. Ilitoka katika nyumba iliyoongozwa na mchungaji mwema na mwenye elimu, na ilifika mlimani bila uso wake.

Tarehe 12 mwezi wa tano 1996, siku ya Bwana, wenye silaha waliingia katika monasteri ya Mokoto, katika Masisi, iliyoanzishwa na Watrapisti wa Scourmont mwaka 1954. Watutsi waliokuwa wamekimbilia pale waliuawa ndani ya nyumba ya sala. Mwisho wa mwaka ule vita vikubwa vilianza, na vile vya 1998 vikafuata. Wengine wamekwisha kuviandika.

Bunge lililorudi baada ya vita hivyo, mwaka 2003, lilikuwa la namna ya ajabu: madepite 500 na masenateri 120, wasiochaguliwa na mtu, bali kuwekwa na wale waliopigana pamoja na vyama na mashirika ya raia. Tulikuwa watoto, tuliwasikia wakubwa wakilicheka. Lakini ni hilo lililoandika tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2004 sheria iliyo na akili kuliko zote: raia wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wao na udongo wao ulikuwa Kongo wakati wa uhuru. Si 1908, si 1950, si 1885, bali 1960. Pengine ni kwa sababu wenye kuandika walikuwa maadui wa kweli waliochoka, na kila mmoja alikuwa ndani ya nyumba. Wale wa Lovanium walikuwa namna hiyo pia.

Mwezi wa saba 2006 watu wa Masisi na Walikale walipanga mistari tangu usiku, wakachagua madepite wao. Wazee wetu waliifunga kadi ya mchaguzi ndani ya plastiki, wakaiweka pamoja na rozari. Kwa wengi ilikuwa karatasi ya kwanza ya serkali iliyowaita raia bila kuwauliza mwaka.

Mwezi wa tano 2021 serkali iliweka Nord-Kivu chini ya utawala wa askari, na kila siku kumi na tano Bunge la Kinshasa lilipiga kura kuurefusha. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 inchi ilichagua tena. Walikale walipiga kura. Masisi na Rutshuru hawakupiga, kwa sababu ya vita vya M23. Kwa hiyo Bunge lilipoketi mwaka 2024 na kuendelea kurefusha utawala wa askari juu ya Masisi, viti vya Masisi vilikuwa wazi. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza 2025 M23 waliingia Masisi-centre. Mwezi wa tatu waliingia Walikale-centre, wakatoka wiki mbili baadaye.

Katika siku hizo mapadri wa parokia ile ya mlimani walitoka usiku pamoja na wakristu. Walichukua Ekaristi, mafuta matakatifu, na vitabu vya batizo ndani ya gunia la mchele. Mzee wetu alitupigia simu kutoka kambi moja karibu na Goma. Hakuuliza juu ya shamba. Aliuliza kama kitabu kimepona, na kama jirani yake naye ameonekana mahali. Tulimjibu kwamba kitabu kipo. Juu ya jirani tulimwomba atupe siku chache tuulize.